Bwana shamba aliyewahesabu tai wa Naivasha

Ukisimama sokoni Kamembe na kuwauliza watu kumi Leslie Brown alikuwa nani, sidhani kama utampata hata mmoja mwenye jibu. Lakini ukiwauliza juu ya kagoma, wote kumi watakuwa na la kusema. Mmoja atakuambia ndege huyo hula vifaranga, mwingine atasema huwaibia wavuvi, na wa tatu atataka kujua kama nyama yake inaliwa. Mengi ya hayo si kweli. Mwizi wa vifaranga hapa kwetu ni sakabaka, yaani mwewe, na kagoma wa watu anabebeshwa kesi isiyo yake.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kutenganisha ukweli na uvumi juu ya ndege hawa katika Afrika Mashariki ni huyo Leslie Hilton Brown. Miongoni mwa wanaofuatilia ndege wala nyama duniani jina lake linafahamika vizuri hadi leo, ingawa alifariki mwaka 1980.

Mimi nilikutana naye kwenye kitabu. Nilizaliwa na kusoma ukimbizini Karagwe, Tanzania, na katika maktaba ya shule yetu, iliyokuwa kabati moja lenye kufuli, kulikuwa na kitabu chake juu ya milima na maziwa ya Afrika Mashariki, kilichochapwa Nairobi mwaka 1971. Kilikuwa cha Kiingereza na kurasa zake za mwanzo hazikuwepo. Hata hivyo kilinivutia, maana kilizungumzia sehemu ambazo sisi tulizijua kwa kupita tu, tukiwa na mizigo kichwani. Leo nafundisha baiolojia hapa Rusizi, na kila nikifika sura ya mnyororo wa chakula huwa namrudia yeye.

Brown alizaliwa mwaka 1917 nchini India, katika mji wa Coimbatore, kwa wazazi wenye asili ya Scotland. Alipelekwa Uingereza kusoma, akapata shahada ya elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha St Andrews, kisha akajifunza kilimo cha nchi za joto huko Cambridge na katika kisiwa cha Trinidad. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya vijana waliotaka kuwa mabwana shamba katika makoloni. Mwaka 1940 akapangiwa Nigeria, na mwaka 1946 akahamishiwa Kenya, alikoishi hadi mwisho wa maisha yake.

Msomaji asidhani kwamba nataka kumpamba. Brown alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na alipanda vyeo hadi akawa miongoni mwa wakuu wa idara ya kilimo ya Kenya. Kazi yake ilianzia Embu, kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, katika miaka ambayo idara hiyo iliwalazimisha wananchi wa Mkoa wa Kati kuchimba makinga maji milimani bila malipo. Mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, na wale wa Murang'a waligoma na kuandamana mwaka 1947 na 1948. Halafu ikaja hali ya hatari ya mwaka 1952, na kazi ya kuunganisha vishamba vya watu ikafanyika wakati wenyewe wamefungiwa katika vijiji vya kulindwa na askari. Brown aliamini katika mambo hayo ya kilimo na aliandika kuyatetea.

Kwa upande wangu naona matuta yenyewe hayakuwa kosa. Sisi Wanyarwanda tunaishi kwa matuta, na anayelima mlima wa Nkanka au Nyamasheke bila matuta atavuna mawe. Kosa lilikuwa kumchimbisha mama kwa amri, katika ardhi ambayo hana hakika itabaki kuwa yake.

Lakini wakati akikagua mashamba hayo, Brown alikuwa na shughuli ya pili. Kila Jumamosi, kila likizo, na mara nyingi katikati ya safari za kazi, alikuwa akiangalia tai. Katika nchi ya Wambeere, wilaya hiyo hiyo ya Embu, mwishoni mwa miaka ya 1940 aliona kilima kimoja chenye miamba na miti mikubwa ambako tai wa aina mbalimbali walijenga viota karibu karibu. Akakiita Kilima cha Tai. Wenyeji walimwonyesha viota na kumsaidia kupanda miti. Yeye akaandika kila kitu: siku gani yai limetagwa, siku gani kinda limeota manyoya, nani ameleta chakula na chakula gani.

Hapo ndipo alipojitenga na wenzake. Wazungu wengi waliopenda ndege kabla yake walikuwa wakiwapiga risasi na kupeleka ngozi makumbusho ya Ulaya, au kukusanya mayai. Ngozi inakuambia rangi na urefu wa bawa, haikuambii ndege anaishi vipi. Brown alirudi kwenye viota vile vile mwaka baada ya mwaka, hadi ikatimia miongo. Alifahamu jozi moja moja kama mwalimu anavyofahamu wanafunzi wa darasa lake, huyu mvivu, huyu mkali, huyu hajaonekana tangu muhula uliopita.

Matokeo yake yalikuwa mambo ambayo hakuna aliyeweza kuyajua kwa kutazama siku moja. Mfano ni tai mwenye kishungi, yule mkubwa wa msituni anayekamata nyani, kima na paa wadogo. Brown aligundua kwamba jozi ikifanikiwa kulea kinda haizai tena mwaka unaofuata. Kinda linaondoka kiotani, lakini wazazi wanaendelea kulilisha kwa karibu mwaka mzima. Kwa hiyo jozi hutoa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili, na si kila mtoto anafikia utu uzima. Ukiua tai mmoja wa namna hiyo, pengo lake halizibiki haraka kama la kuku.

Alieleza pia habari ya tai weusi wa majabali, ambao hutaga mayai mawili. Kinda la kwanza kuanguliwa humdonoa mdogo wake mpaka afe, hata kama kiota kimejaa nyama. Brown alilifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Wanafunzi wangu nikiwasimulia, huwa wananyamaza kwanza, halafu mmoja atamtaja Kaini. Katika darasa la Rwanda sihitaji kueleza kwa nini wananyamaza. Huwa nasubiri kidogo kisha naendelea na somo.

Mwaka 1954 alifanya jambo lililomletea sifa zaidi, na nusura limuue. Watu wote waliwajua heroe wadogo, yaani flamingo wa pinki wanaojaa maziwa ya magadi kama Nakuru, lakini hakuna mtaalamu aliyejua walitaga wapi. Brown alipanda ndege ndogo, akaruka juu ya Ziwa Natron, Tanzania, chini ya mlima wa Oldoinyo Lengai, akaona viota vyao katikati ya tope la magadi. Hakuridhika kuviona kutoka juu. Alirudi kwa gari, akaliacha pwani na kuanza kutembea kuelekea kule viliko.

Natron si mbuga ya kutembea. Juu kuna ganda la magadi linalobeba mguu kwa hatua chache, halafu linavunjika, na chini yake ni tope la moto linalochoma ngozi kama chokaa. Viatu vyake vikajaa chembe za magadi, miguu ikachubuka na kuvimba. Aliona kwamba akiendelea hatafika wala hatarudi, akageuza. Kurudi pwani kulimmaliza nguvu kabisa. Alilazwa hospitali wiki kadhaa na kupandikizwa ngozi miguuni. Baadaye, mwaka 1959, alitoa kitabu juu ya siri hiyo ya flamingo.

Huenda ukajiuliza faida ya mtu kujichoma miguu kwa ajili ya ndege. Faida ilionekana baada ya nusu karne. Mwaka 2006 ulipoanza mjadala wa kujenga kiwanda cha magadi pale Natron, hoja kubwa ya waliopinga ilikuwa kwamba ziwa hilo ndilo mahali pekee Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo huzaliana mara kwa mara. Msingi wa hoja hiyo uliwekwa mwaka 1954 na yule bwana shamba. Mwekezaji aliyetarajiwa alijitoa mwaka 2008.

Mwaka 1963 Kenya ikapata uhuru, na Brown akastaafu akiwa na umri wa miaka 46. Maofisa wengi wa rika lake walifunga masanduku. Yeye alibaki nyumbani kwake Karen, nje kidogo ya Nairobi. Kwetu sisi tuliorudi, swali la kwenu ni wapi halina jibu la haraka. Kuna niliosoma nao ambao hadi leo wakikasirika wanatukana Kihaya, na wakisali wanasali Kiswahili. Mtu aliyezaliwa India, akasomea Uingereza, akafanya kazi Nigeria na akazikwa mbali na Scotland ya wazazi wake, naye alikuwa na hesabu hiyo hiyo ya kupiga. Yeye alichagua mahali tai walipo.

Kustaafu kulimpa muda. Alikwenda Ethiopia, katika milima ya Bale, kumchunguza nyala wa milimani, mnyama ambaye hayupo nchi nyingine yoyote. Bale ni baridi ya kweli, maana kule juu unaamka asubuhi nyasi zimeganda umande kama chumvi. Mapendekezo yake ya miaka ya 1960 yalichangia kuanzishwa kwa hifadhi ya taifa ya Bale. Huko huko Ethiopia, pamoja na mwenzake Emil Urban, alichunguza wari weupe wanaozaliana katika Ziwa Shala. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda hadi Scotland kuwahesabu tai wa dhahabu na chakula chao, akishirikiana na mtaalamu wa kule. Mwaka 1968 yeye na Mmarekani Dean Amadon walitoa vitabu viwili vikubwa vinavyoeleza ndege wote wala nyama wa mchana wa dunia nzima, kazi ambayo ilitegemewa na wataalamu kwa miaka mingi.

Si yote aliyoandika ninayakubali. Mwaka 1971 alichapisha makala juu ya wafugaji wa kuhamahama, akipiga hesabu ya ng'ombe wangapi wanahitajika kulisha familia moja na kuonyesha kuwa ardhi haitoshi. Hesabu yenyewe ni safi. Lakini alimhesabu mfugaji kama alivyomhesabu tai, na mfugaji ana mambo ambayo tai hana: ana mahari ya kulipa, ana ndugu aliyepoteza mifugo, na ana serikali iliyompora malisho ya kiangazi. Babu yangu alifuga hadi Karagwe, na angeisoma makala ile angecheka, halafu angekasirika.

Kazi iliyonifanya nimwandike leo ni ile ya Naivasha. Ziwa hilo liko kwenye Bonde la Ufa, mita zipatazo 1,890 kutoka usawa wa bahari, na maji yake ni matamu. Kingo zake zina mafunjo na migunga mirefu yenye magome ya manjano. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zake ni za baridi, ukungu unalala juu ya maji, na anayekaa ndani ya mtumbwi bila koti atajuta. Katika migunga hiyo hukaa kwazi, tai mla samaki mwenye kichwa na kifua cheupe, ambaye wengine humwita furukombe. Ndiye ndege aliye kwenye bendera ya Zambia. Aliyelala usiku mmoja karibu na mto Akagera au kwenye delta ya Rusizi ameisikia sauti yake, maana dume na jike huitikiana alfajiri, vichwa vimerushwa nyuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Brown na mtafiti mwenzake Hopcraft waliwahesabu kwazi wa ziwa zima, wakubwa na wadogo, jozi kwa jozi, na ripoti yao ikachapwa mwaka 1973. Waliona idadi ya wakubwa haibadiliki sana, lakini jozi nyingi hazilei kinda kila mwaka. Kila jozi inashika kipande chake cha ufuko na kukilinda, na makelele yale ya alfajiri sehemu kubwa ni ya kutangaza mpaka. (Wasomaji wangu wa Rusizi ya Kwanza na ya Pili hawahitaji maelezo juu ya makelele ya mpakani.)

Ilidhihirika pia kwamba kwazi si mchapakazi kama watu wanavyofikiri. Zaidi ya nne ya tano ya mchana huwa amekaa tu juu ya mti. Kuvua humchukua muda mfupi sana, na hukamata samaki aliye karibu na uso wa maji, kwa kawaida asiyefikia kilo moja. Jike ni mkubwa kuliko dume na anaweza kupita kilo tatu, lakini samaki mzito kupita kiasi hawezi kumwinua, humburuta hadi ufukoni. Nawaambia wavuvi wa Kivu wanaolalamika: isambaza mnawavua usiku kwa taa, na usiku kwazi amelala.

Kuna jambo jingine ambalo mfanyabiashara wa isambaza atalipenda. Naivasha haikuwa na samaki wa maana. Samaki wake wa asili alikuwa mmoja, mdogo kama kidole, na hajaonekana tena tangu mwaka 1962. Perege waliletwa kuanzia mwaka 1925 na samaki wengine wakafuata. Kwa hiyo kwazi wale mashuhuri waliishi kwa samaki wa kuletwa, kama Bukavu na Kamembe zinavyoishi kwa isambaza waliotolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kinacholetwa kinaweza kulisha. Kinaweza pia kuharibu: mwaka 1970 waliletwa Naivasha kamba wa maji matamu kutoka Marekani, wakala majani ya chini ya maji, na ndege walioyategemea majani hayo wakapungua. Katika miaka ya 1990 watafiti waliorudi Naivasha walikuta maji yamechafuka na kwazi wengi hawazai.

Kwingineko hatari ilikuwa sumu. Katika Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, dawa ya DDT iliyopigwa dhidi ya mbung'o na mbu iliingia katika samaki, kutoka kwa samaki ikaingia kwa kwazi, na maganda ya mayai yao yakawa mepesi. Ndege wa juu kabisa katika mnyororo ndiye hukusanya sumu yote ya walio chini yake. Nasi binadamu tunakula samaki wale wale. Hii ndiyo sababu huwaambia wanafunzi wanaotoka Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, wasioshe mabomba ya dawa mtoni.

Kitabu chake juu ya kwazi kilitoka mwaka 1980, mwaka ule ule aliofariki. Alikuwa pia ameanza kazi kubwa ya kueleza ndege wote wa Afrika pamoja na Urban na Kenneth Newman. Juzuu ya kwanza, yenye ndege wala nyama ndani yake, ilitoka mwaka 1982 akiwa kaburini, na wengine wakaendelea na juzuu zilizofuata.

Mwaka jana mwezi Julai niliwapeleka wanafunzi kumi na wanne Kamiranzovu, bwawa la matete na majani lililo katikati ya msitu wa Nyungwe, ambalo jina lake lina maana ya kinachomeza tembo. Tembo wenyewe wamekwisha, wa mwisho alikufa mwaka 1999. Tulifika mapema, ukungu haujainuka, na watoto wa Kamembe waliozoea joto la chini walikuwa wakitetemeka na kunilaumu. Nilikuwa na darubini moja ya kuazima na madaftari. Niliwapa kazi ambayo Brown angeielewa: kukaa saa tatu bila kutupa jiwe, na kuandika kila ndege mkubwa apitaye, saa ngapi, anaelekea wapi, anafanya nini.

Saa ya kwanza hawakuandika kitu. Saa ya pili walipita kunguru wawili na mabishano. Karibu na saa nne asubuhi jua lilipotoka, kima upande wa pili wa bwawa walianza kupiga kelele za hatari, na juu yao akatokea tai mwenye kishungi, mabawa mapana yenye milia kwa chini, akapanda akizunguka hadi akawa nukta. Msichana mmoja, mtoto wa mama anayeuza vitenge mpakani, aliandika saa na dakika, kisha akauliza kama huyo ni yule anayezaa kila baada ya miaka miwili, na kama kuna mtu anayejua kiota chake kiko wapi.

Mwezi Septemba 2023 shirika la Umoja wa Mataifa la Unesco liliingiza Nyungwe katika orodha ya urithi wa dunia, katika kikao kile kile ambapo milima ya Bale nayo iliingizwa. Vitabu vya Brown havipo katika Kiswahili wala Kinyarwanda. Katika shule yangu tumeanza daftari la Kamiranzovu kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni moja ya lugha rasmi za nchi hii, na mpaka sasa lina kurasa kumi na moja. Yule msichana ndiye anayelitunza. Kiota bado hatujakiona.